Ahadi za kazi Kwale zitiwe katika mikataba

Wanasiasa wengi wa Kwale wanapoulizwa kuhusu ukosefu wa kazi, jibu lao huwa moja. Mishahara ya watumishi wa umma, wasema, inameza fedha za maendeleo. Basi serikali na ipunguze waajiriwa wake, na wawekezaji wa kibinafsi waachiwe jukumu la kuwaajiri vijana. Hoja hiyo haikosi msingi. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka wa 2015 zinaagiza kwamba mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na kaunti nyingi zimeshindwa kulitimiza sharti hilo. Hata hivyo, historia ya pwani yetu ya kusini yatufunza kwamba jibu hilo ni nusu tu ya ukweli.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka wa 1988, wafanyakazi walipoteza mishahara na wakulima wakakosa pa kuuza miwa. Zaidi ya miongo miwili ilipita kabla ya kiwanda kipya cha kampuni ya KISCOL kuanza kusaga, na kurejea kwa miwa kukaandamana na mizozo ya ardhi. Kule Diani nako, ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii, na wahudumu wengi wa mahoteli wakarudi makwao mikono mitupu. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulileta balaa iyo hiyo.

Mwaka huo wa korona, walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu waliendelea kulipwa ingawa shule zilikuwa zimefungwa, ilhali wenzao wengi wa shule za kibinafsi hawakupata kitu. Yafaa basi viongozi wakumbuke kwamba mshahara wa mwalimu au muuguzi ndio unaonunua unga na samaki Ukunda na Msambweni wakati ufuo umekuwa kimya.

Mfano wa karibu zaidi ni machimbo ya titani ya kampuni ya Base Titanium, yaliyoanza kusafirisha madini mwaka wa 2014 na kusitisha uchimbaji Desemba 2024. Yaliwapa vijana wetu kazi na ujuzi, hilo hatulikani. Lakini Sheria ya Madini ya 2016 ilipoitengea kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii asilimia 10, malipo yalicheleweshwa kwa miaka. Kila mgodi una mwisho wake, na maandalizi ya mwisho huo hayangojei siku ya kufunga lango.

Hatusemi wawekezaji wafukuzwe. Tunalodai ni kwamba kabla ya mali ya umma kuuzwa au ardhi kukodishwa, iandikwe ni kazi ngapi zitakazotolewa, kwa mshahara gani, nani atawafunza vijana, na wafanyakazi watalipwa nini kampuni ikiondoka. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haki ya kuulizwa tunayo. Wajibu wa walimu ni kuwafunza wanafunzi kuitumia, na kuusoma mkataba kabla ya kumpigia makofi aliye jukwaani.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi za watoto wetu nazo ni mali.