Barua ya wazi kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira: tupeni tarehe mapema

Kwa Katibu,
Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
Dodoma.

Ndugu Katibu,

Nakuandikia kutoka Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kwa ajili yangu na ya wenzangu tunaoomba kazi serikalini huku tukiwa tumeajiriwa kwingine. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Stashahada yangu ya utunzaji kumbukumbu niliipata Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora, ambayo wazee wa hapa bado wanaiita Uhazili. Nafasi ninayoiomba ni ya Msaidizi wa Kumbukumbu. Tupo wengi: walimu wa shule binafsi, wauzaji wa maduka ya dawa, walinzi wenye shahada, mafundi wanaolipwa kwa siku. Tunasoma usiku, watoto wakishalala.

Kusoma kwenyewe hakutushindi, na hilo ningependa ulipokee kwanza. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, Sheria ya Utumishi wa Umma pamoja na Kanuni zake za 2022, taratibu za masjala ya wazi na ya siri, namna ya kufungua jalada, kulipa namba na kulifunga: mtu anayeshika daftari mchana kutwa huyaelewa haya upesi. Ninapoandikisha mtumba wa tumbaku, jina la mkulima, uzito na daraja alilotoa mteuzi, najua kwamba nikikosea mstari mmoja kuna mzee atakayekosa malipo yake, na hataelewa kwa nini. Sijui darasa gani lingenifundisha vizuri zaidi thamani ya kumbukumbu iliyotunzwa.

Kinachotushinda ni tarehe. Nafasi hutangazwa, tunaomba kupitia Ajira Portal, kisha kimya. Hakuna anayejua kama ataitwa mwezi ujao au baada ya miezi mingi. Halafu siku moja orodha inatoka, na mara nyingi kati ya orodha na usaili wa mchujo zimebaki siku chache tu. Kwa kijana aliye nyumbani, siku chache zinatosha. Kwa karani wa tumbaku orodha ikitoka wakati wa masoko, hazitoshi. Mteuzi wa Bodi ya Tumbaku ameshafika, wanunuzi wapo, wakulima wamekaa juu ya mitumba yao tangu alfajiri. Nani atashika daftari?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, lakini mwajiri ndiye anayepanga zichukuliwe lini. Inampa pia siku 4 anapougua mtoto wake au anapofiwa na ndugu wa karibu. Usaili haikuutaja. Kwa hiyo mwombaji aseme ukweli, na mwajiri ajue kuwa mtu wake anataka kuondoka. Au azushe msiba. Au abaki kazini na jina lake lisomwe bila mtu wa kuitika. Nawajua waliochagua kila moja ya njia hizo. Wanaonisikitisha zaidi ni wale waliozusha msiba, kwa sababu walikuwa wanakwenda kujibu maswali ya maadili ya utumishi wa umma.

Kuna watakaosema: anayetaka kazi ya serikali kwa dhati aiache hiyo nyingine. Sikubaliani nao hata kidogo. Hiyo nyingine ndiyo inayolipa ada ya mdogo wake, na ndiyo itakayolipa nauli ya kwenda kwenye usaili. Kila tangazo la kuitwa linatukumbusha kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Usaili ukiwa Dodoma, ni basi kupitia Itigi na Manyoni, ni chumba cha kulala, na baada ya mchujo bado kuna vitendo au mahojiano, pengine kwa safari nyingine. Tabora hii inazijua safari ndefu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, na mwenye msafara alipaswa kuwapa posho njiani. Akishindwa, walitua mizigo na kumwacha. Mimi sikuombi posho, maana idadi yetu naiona. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 walioomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato walizidi 130,000. Hakuna kasma inayoweza kuwalisha watu wote hao.

Ila katika zoezi hilohilo la Mamlaka ya Mapato, usaili wa kuandika ulifanyika mwisho wa juma, mwishoni mwa Machi, katika mikoa mbalimbali. Ofisi yako nayo imewasaili walimu katika mikoa wanakoishi. Nakushukuru kwa hilo, na hapo ndipo ninaposimama: lililowezekana kwa walimu liwe utaratibu wa kada zote. Tabora ina kampasi ya chuo cha utumishi chenyewe. Mchujo ufanyike hapo, Jumamosi au Jumapili, na anayezuiwa na ibada yake katika moja ya siku hizo apewe ile nyingine. Vitendo na mahojiano viunganishwe katika safari moja.

Na kubwa kuliko yote, tangazo la nafasi litaje tangu mwanzo wiki ya mchujo. Si lazima orodha ya majina iwe tayari. Wiki peke yake inatosha: mtu ataomba likizo yake ya haki mapema, atatafuta wa kumshikia daftari, ataweka akiba ya nauli kidogo kidogo, na usiku atajua anasoma kuelekea siku gani. Hilo halihitaji fedha wala sheria mpya. Likifanyika, mchujo utapima tunachojua, badala ya kupima nani alipata ruhusa.

Ikiwa ofisi yako itapanga kalenda hiyo, kwa mkoa huu wa tumbaku miezi ya masoko, kuanzia Mei hivi hadi Agosti, ndiyo migumu kuliko yote. Walimu wa shule binafsi nao wanabanwa sana Novemba, wakati wa mtihani wa kidato cha nne. Februari na Machi wengi wetu tunaweza kutoka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa chama cha msingi,
Isikizya, Uyui.