BANDO LETU SIO SHAMBA LA BIBI: Wenye Blogu, Punguzeni Mizigo Kwenye Video!

Wadau, leo hatumtaji mtu jina, ila mwenye masikio atasikia. Kuna blogu moja kubwa ya mjini, ile inayopenda vichwa vya "VIDEO: Staa anaswa laivu". Mtu yuko zake Nachingwea, kajiunga bando la siku, anabonyeza. Kiduara kinazunguka. Kinazungukaaa. Video yenyewe sekunde 30, haijaanza, ila MB zinaondoka tu.

Zinaenda wapi? Kabla hujaona chochote, ukurasa unavuta kwanza mafaili ya JavaScript: ya plea, ya matangazo, ya kuhesabu umetazama sekunde ngapi, ya kukuletea video nyingine ambayo hujaiomba. Mafundi wa tovuti huo msimbo wanauita "kodi". Jina limefaa, maana anayelipa ni wewe! Na simu haimalizi kazi kwa kuyapakua tu, lazima iyasome na kuyaendesha. Simu ya mamilioni inameza, simu ya bei poa inapata moto na kuganda. Halafu mnasingizia "mtandao wa kusini mbovu". Mtandao una shida zake, sawa, ila huo mzigo mmeupakia nyinyi.

Nachingwea haya mambo iliyaona kitambo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga pale, pamoja na Kongwa na Urambo. Wakaleta mabuldoza, mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 wakafunga virago, mamilioni ya pauni yameteketea, karanga za maana hakuna. Mitambo yote ile kwa ajili ya karanga! Na nyinyi vifaru vyote hivyo kwa klipu ya nusu dakika?

Visingizio vimeisha. Zamani mlisema bila Flash video haichezi. Flash ilizikwa mwisho wa 2020, na YouTube ilishaifanya HTML5 chaguo la kwanza tangu Januari 2015. Leo brauza ina plea yake humo humo ndani. Weka tagi ya video, weka picha ya mbele, andika preload="none", basi. Video haianzi kushuka mpaka mtu abonyeze. Klipu iko YouTube? Mhandisi Paul Irish alishatengeneza lite-youtube-embed, tena bure: msomaji anaona picha, ile plea nzito inakuja akibonyeza tu.

Mtasema, "matangazo ndiyo yanatulisha". Kuleni, hatujakataa. Lakini tangazo ambalo msomaji kafunga ukurasa kabla halijafunguka, linamlisha nani?

Mdau wa Ruangwa aliyesikia kelele za goli la Namungo zikitoka Uwanja wa Majaliwa, akitaka marudio anazungushiwa kiduara mpaka bando linakata. Goli limefungwa mtaani kwake, jamani! Huo sio usasa, ni dharau kwa watu wanaowapa hizo "views" mnazotambia mjini.

Haya, funguka hapo chini: blogu gani inakumalizia bando? Ukiogopa kutaja jina, toa dalili tu, sisi tutaelewa.