Muulizaji Asiyefukuzwa

Tangu tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu hadhara za viongozi wastaafu, tumeletewa maoni makali ya namna mbili: wako wanaotaka mstaafu anyamaze, kwa hoja kwamba zamu yake imekwisha na kila atamkalo humtia mashaka aliyemrithi, na wako wanaotaka aseme asikatizwe, kwa kuwa mkubwa, kwa itikadi yao, hahojiwi. Makundi haya hudhani yanapingana, ilhali yote mawili yamemsahau mtu yule yule, naye ni msikilizaji aliyepanda daladala mbili kutoka Mbagala hadi Mlimani akiwa na swali moja moyoni.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huko Mlimani, ndicho kinachonipa ushahidi. Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao vijana wapatao 400. Desemba 1997, akiwa hana tena urais wala uenyekiti wa chama, alifika chuoni hapo hapo, katika kongamano la kimataifa la kuadhimisha umri wake wa miaka 75, akazungumza bila karatasi, akabainisha kwamba Afrika iliyo kusini mwa Sahara imebaki peke yake duniani: Marekani inayo Mexico ya kuishughulikia, Ulaya Magharibi inao jirani zake wa Mashariki, Japani inazo nchi za Asia, lakini sisi hatuna jirani tajiri ambaye ufukara wetu unamkosesha usingizi.

Wengi huitukuza hotuba ile kwa upeo wa fikra zake, nami siwapingi. Lakini linalonishughulisha zaidi ni kwamba siku ile msemaji hakuwa na dola ya kumfukuza muulizaji. Hiyo ndiyo thamani ya mstaafu. Hekima wanayo hata wazee wa baraza za kahawa za Magomeni, wala hawalipwi pensheni na hazina ya umma. Asichokuwa nacho mzee wa baraza ni maamuzi ya kujibia, na asichokuwa nacho rais aliyeko madarakani ni uhuru wa kuulizwa bila aulizaye kuingiwa na hofu.

Fursa hiyo adhimu tunaifanyaje? Mshereheshaji hukusanya maswali matatu matatu, baada ya kila muulizaji kumaliza pumzi yake katika shikamoo na sifa, na mgeni hulijibu alipendalo kama mnunuzi wa embe sokoni. Kisha hutangazwa kwamba muda hauruhusu. Fauka ya hayo, hadhara ikichapishwa, maswali huachwa nje, sijui kwa kuwa yalikuwa marefu au kwa kuwa yalikuwa mazuri. Kila Oktoba redio huturudishia vipande vya mazungumzo ya Machi 1995 katika Hoteli ya Kilimanjaro, Mwalimu akizitaja nyufa za nyumba yetu mbele ya waandishi wa habari. Ni nani amewahi kusikia, katika vipande hivyo, sauti ya mwandishi hata mmoja?

Kwa sababu hiyo nimeitanguliza makala juu ya tawasifu ya Mzee Mkapa ya 2019, ambamo aliyahesabu mauaji ya Zanzibar ya Januari 2001 kuwa doa katika urais wake. Kukiri huko kulihitaji ujasiri, na mwandishi wetu anausifu kwa haki. Walakini kukiri kitabuni ni kukiri mahali ambapo hakuna awezaye kunyoosha mkono. Makala juu ya Mzee Mwinyi inapendeza. Insha inayotetea ukimya wa wastaafu nimeichapisha kwa insafu tu, na atakayeisoma hadi mwisho ataona kwamba mwandishi wake, mwenye kupenda sana ukimya, ametumia kurasa nyingi kuliko wenzake wote.

Walio na kanda za hadhara hizi, za Mlimani, Temeke au kwingineko, watuletee, zikiwa nzima au zimekatika. Tutanakili maswali kwanza. Majibu yatafuata nafasi ikiruhusu.