Kabla ya Kutema Mate Kichupani

Siku hizi mtu akitaka kujua asili yake haendi kwa mzee wa ukoo. Hununua kichupa, hutema mate, huyapeleka kwa posta kwa kampuni ya ng'ambo, na baada ya wiki chache huletewa hesabu ya DNA: sehemu kadha huku, sehemu kadha kule. Twaona yafaa tuseme wazi juu ya jambo hili.

Faida iko, wala hatuikani. Wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani Marekani walinyang'anywa hata majina ya babu zao. Mwaka 2010 Sierra Leone ilimpa uraia mwigizaji Isaiah Washington, baada ya kipimo kuonyesha kuwa asili yake ni huko. Tena aliyepotezana na mzazi au ndugu wa karibu aweza kumpata, ikiwa naye amepimwa.

Lakini kabila haliandikwi katika damu. Kampuni hulinganisha mate yako na ya watu iliokwisha kuwapima, na katika hao Waafrika ni wachache mno. Ndiyo sababu kampuni moja hukwambia hili na nyingine lile, na mwaka ukipita hesabu hubadilika, nawe ni yule yule. Basi asitokee mtu kutuletea karatasi hiyo ili aamue nani mwenyeji na nani mgeni. Kugawanywa kwa damu tulikwisha kukataa.

Kwa afya hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliiruhusu kampuni ya 23andMe kuuza kipimo cha hatari ya saratani ya matiti. Wakati huo kilitazama kasoro 3 tu, na zilizojulikana zilizidi 1,000. Hizo 3 huonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Mama wa Kiafrika akijibiwa kuwa hana kitu, asidhani amesalimika. Na amwone daktari.

Na mate yenyewe je? Mwaka 2023 wezi walichukua habari za wateja wa kampuni hiyo hiyo wapatao milioni 6.9. Mwaka 2025 ikafilisika, na hazina yake ya habari za watu ikauzwa. Ufunguo ukiibiwa, utabadili kufuli, damu utaibadilije? Tena anayetema mate ametoa na siri za ndugu zake, ambao hakuwauliza.

Hatumkatazi mtu. Ila kwanza azungumze na jamaa zake, kisha auulize mkataba: nani atayaweka mate haya, nani atauziwa habari zake, nami naweza kuzifuta? Na Serikali, ambayo tangu mwaka 2009 ina sheria ya vinasaba vya binadamu, iwalinde wananchi hata pale mate yao yanapovuka bahari.

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Katika biashara hii, mjukuu ndiye atakayelipa.