Soo kwa Lwanda Magere

Wasee, nasema hivi na mnitukane mkitaka: muvi za masupahiro zimeanza kunichosha, lakini komiki kuukuu ya mbao bado haijawahi kuniangusha.

Muvi unapeleka flashi dukani, unawekewa tatu, usiku unaangalia dunia ikikaribia kuisha tena na jamaa wa kofia ya chuma akitoa jokes tena. Asubuhi ukiulizwa adui alikuwa nani, hukumbuki. Kama DJ Afro ndiye ameitafsiri, angalau umecheka.

Sasa ingia soko la Migori kwa wale wa vitabu vya mtumba. Siku moja moja inatokea komiki, gamba limechanika, namba 3 bila 1 wala 2. Unauliza, "Mathe, hii ni ngapi?" Anaipima kwa vidole: nyembamba mbao, nene chwani. Hajali ni Spider-Man ama ni nani. Unaenda nayo nyumbani, picha moja unaiangalia dakika nzima, na kwa sababu mwanzo haupo, unautunga mwenyewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikikataa, na hiyo kazi ya kujaza mapengo ndiyo shule iliyonifunza kutunga stori.

Na komiki ilikuwa kitu cha bei ya chini tangu zamani. Superman alipotokea 1938, jarida zima liliuzwa senti 10 za Marekani. Black Panther alianza kwa karatasi mwaka 1966, miaka 52 kabla ya muvi yake.

Hiyo muvi mnaikumbuka. Februari 2018 ikaletwa Kisumu, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, na sisi watoto wa shule tukawa tunakunja mikono kifuani kila mahali. Mwaka huo huo UNESCO ikaweka Thimlich Ohinga kwa orodha ya urithi wa dunia. Iko hapa hapa kaunti ya Migori: kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na bado zimesimama. Wangapi wetu wamefika? Gor Mahia naye, yule mganga wa Kanyamwa kule Ndhiwa, alikuwa anajigeuza umbo apendavyo. Leo ni jina la timu tu.

Halafu kuna Lwanda Magere. Mwili wa jiwe, mkuki haumwingii, nguvu yote iko kwa kivuli. Adui wanamtumia msichana mrembo amuoe ili ajue siri. Hiyo stori haihitaji Marvel. Inahitaji kalamu.

Na kalamu iko. Nina beshte Homa Bay, anachora mabango ya vinyozi na mgongo wa matatu. Amemaliza kurasa 16 za Lwanda Magere, na zimeweza. Tukapiga hesabu saiba: karatasi 4 za A4 zikunjwe, pande 8, kopi bob 5 kila upande. Jumla 40. Akiuza chwani anabaki na bob 10. Akiuza soo anabaki na 60, na hapo anaweza kununua wino wa namba 2.

Lakini kila anayeishika anasema, "Soo kwa hii? Fanya mbao." Watu wale wale wananunua bando ya soo na inaisha kwa trela.

Mimi ndiye mfalme wa bei ya kutupa, kwa hivyo nisikilizeni. Mtumba ni rahisi kwa sababu kuna mtu kule ng'ambo aliinunua ikiwa mpya. Aliyeichora alishalipwa, ndiyo maana mathe anaweza kuniachia kwa mbao. Beshte yangu hana huyo mtu wa kwanza. Shujaaz ilituonyesha tangu 2010 kwamba vijana wa Kenya watasoma komiki ya Sheng, ilifika hadi kushinda Emmy, lakini ilikuwa ya bure na wafadhili ndio walilipa. Huyu hana mfadhili. Ana sisi.

Kwa hivyo akikusimamisha steji ya Homa Bay na bahasha ya kaki, bei ni soo. Ukurasa wa 16 bibi ameshika kisu juu ya kivuli, na namba 2 bado hajaianza.