Matundu matatu si ushahidi

Najua niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini wiki hii nimeshikwa na jambo jingine na sitatulia mpaka niliandike. Leo tunaongea kuhusu risasi. Msishtuke, sijabadilisha kazi. Bado mimi ni mwandishi wa programu hapa Kitale, na silaha pekee iliyo nyumbani kwangu ni panga la kufyekea ua.

Hadithi yenyewe ni hii. Nina rafiki tuliyesoma naye shule ya upili hapa Kitale. Siku hizi anaishi jimbo la Idaho, Marekani, na wikendi huenda kwenye mashamba ya majani ya ng'ombe kuwapiga kindi wa ardhini. Wenye mashamba wanawachukia hao kindi kwa sababu hula majani na kuchimba mashimo ambayo vifusi vyake huharibu mashine za kukatia. Bunduki yake ni ya .223 Remington, na risasi hujaza mwenyewe: huokota maganda yaliyokwisha kutumika, huyasafisha, huweka fataki mpya, humimina baruti aliyoipima kwa mizani, kisha hushindilia kichwa cha risasi juu yake. Huko ni halali na watu wengi hufanya. Hapa Kenya ni mambo mengine kabisa. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha. Kwa hiyo asiwepo msomaji wa kuchukua makala haya kama mwongozo wa kufanyia kazi nyuma ya jiko.

Rafiki yangu aliniomba nimwandikie programu ndogo ya kukokotoa jinsi risasi inavyoshuka ikiwa njiani. Nilikubali haraka, maana kazi hii ni sehemu ya ukoo wetu sisi watu wa kompyuta. Mashine ya ENIAC, iliyotangazwa kwa umma Februari 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilijengwa kwa ajili ya majedwali ya mizinga ya jeshi la Marekani. Njia moja ya kombora ilimchukua mtu mwenye kikokotoo cha mezani kama saa 20. ENIAC iliimaliza kwa sekunde 30 hivi. Waliotayarisha programu zake za kwanza walikuwa wanawake sita, akiwemo Kay McNulty na Betty Jennings. Hesabu yenyewe haijabadilika: unakata safari ya risasi vipande vidogo vidogo vya muda, na kila kipande unauliza imepunguzwa kasi kiasi gani na hewa, na imevutwa chini kiasi gani na ardhi. Kwa Python ni mistari kama sitini.

Hata mahali ulipo huingia kwenye hesabu. Kitale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 17 hivi. Bungoma, kwenye mita 1,400, tofauti ni kama asilimia 13. Risasi ile ile ingepoteza kasi polepole zaidi huku juu. Nilifurahi kama mtoto kuona namba hizo zikitoka sawa.

Sasa tuje kwenye uzito. Vichwa vya risasi hupimwa kwa greini, na ratili moja ni greini 7,000. Kwa .223, wanaopiga wanyama waharibifu hupenda vya greini 40, 50 au 55. Greini 55 ni kama gramu tatu na nusu tu. Sababu za kupenda vyepesi ni mbili. Ya kwanza ni kasi: njia huwa karibu kunyooka, na makosa ya kukadiria umbali hayakuadhibu sana. Ya pili ni usalama: vingi vya aina hiyo vina ganda jembamba la shaba na huvunjika vipande vikigusa mnyama au udongo, hivyo hatari ya kuruka na kwenda kumpata ng'ombe wa mwenye shamba hupungua, ingawa haiishi. Hasara yake ni kwamba kichwa chepesi hupoteza kasi haraka na upepo hukisukuma kwa urahisi.

Lakini kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mwanzoni, na mimi nililifanya ndani ya programu, ni kudhani kwamba uzito ndio unaoamua kama risasi itatulia hewani. Kinachoamua zaidi ni urefu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozungusha risasi, na mtutu unaoizungusha mara moja kila inchi 12 hautoshi kutuliza risasi ndefu. George Greenhill, mwanahesabu aliyefundisha Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni yake ya jambo hili mwaka 1879. Shaba ni nyepesi kuliko risasi ya madini, kwa hiyo kichwa cha greini 55 cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha greini 55 chenye madini ya risasi ndani. Uzito ni ule ule, tabia ni tofauti. Basi ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kuuliza greini ngapi, uliza mtutu wako unazungusha kiasi gani.

Baruti ndiyo iliyotukosanisha na rafiki yangu. Kuna baruti za kuungua haraka na za kuungua polepole, na kwa kawaida kadiri kichwa kinavyokuwa kizito ndivyo unavyoelekea kwenye zile za polepole. Zipo za chembe za mviringo ambazo humiminika vizuri kwenye kipimo, na zipo za vijiti vidogo ambazo wakati mwingine hukwama. Zipo zinazobadilika sana joto likipanda na zisizobadilika sana, na Idaho asubuhi ya masika si sawa na mchana wa kiangazi. Watengenezaji huchapisha majedwali: kichwa hiki, baruti hii, anzia hapa, usipite hapa.

Rafiki yangu akaandika: "Ongeza sehemu ya kukisia kipimo cha baruti. Niweke kichwa na baruti, programu inipe namba."

Nikakataa. Akaniambia nimekuwa mwoga. Labda. Lakini hebu fikirini. Sehemu ya kwanza ya programu ikikosea, risasi inapita juu ya kindi na kindi anacheka. Sehemu hiyo ya pili ikikosea, chuma hupasuka sentimita chache kutoka kwenye jicho la mtu. Kiwango cha juu cha shinikizo ndani ya ganda la .223, kwa viwango vya SAAMI huko Marekani, ni 55,000 psi, na ukishakikaribia, nyongeza ndogo ya baruti huweza kupandisha shinikizo kuliko ulivyodhani. Hubadilika pia kwa nafasi iliyomo ndani ya ganda, kwa kina ulichoshindilia kichwa, kwa fataki, na hata kwa toleo la kiwanda la baruti ile ile. Isitoshe, majina yanadanganya. Kuna baruti inaitwa IMR 4895 na nyingine H4895. Namba moja, baruti mbili, majedwali mawili. Mwandishi wa programu mwenye usingizi angeziweka kwenye safu moja ya hifadhidata na kujiona amefanya usafi.

Sisi tumezoea kurekebisha makosa kwa kutoa toleo jipya. Jicho halina toleo jipya. Pale ambapo mtengenezaji amepima kwa vyombo vya maabara, kazi ya programu yangu ni kumwelekeza mtu kwenye jedwali lake. Haina ruhusa ya kushindana nalo.

Tukapatana, lakini akaja na jambo la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Alinitumia picha ya karatasi ya shabaha. Alikuwa amejaribu baruti mbili, kila moja risasi tatu. Ya kwanza matundu yalikaribiana kama ndugu, ya pili yalitawanyika. "Nimepata mshindi," akasema, na akataka kununua kopo kubwa.

Nikaandika jaribio dogo. Niliiambia kompyuta ipige risasi kwa kubahatisha, baruti ile ile, kichwa kile kile, bunduki ile ile, hakuna kilichobadilika. Makundi kumi ya risasi tatu tatu. Kundi kubwa lilikuwa pana zaidi ya mara tatu ya lile dogo! Yaani bahati tupu ilitosha kumpa "mshindi" na "mshinde" ambao ni kitu kimoja. Na ukiongeza risasi kutoka tatu hadi kumi kwa kila kundi, upana wa wastani hukua kwa zaidi ya nusu bila bunduki kuharibika. Karatasi ya matundu matatu huonyesha bunduki nzuri kuliko ilivyo.

Basi nikamwambia: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kichwa au baruti, si vyote. Piga kumi au ishirini kwa kila chaguo. Changanya zamu, ili mtutu ukipata joto au upepo ukibadilika, usimlaumu asiyehusika. Akalalamika kwamba risasi ni ghali. Ni kweli. Lakini kopo la baruti uliyochagua kwa bahati nalo ni ghali.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bungoma kumwona khocha wangu, ndugu ya mama. Fuko wamemchimbia shamba lote la viazi vitamu. Akanionyesha mtego wake wa fimbo na kamba, akasema, "Mwana, nimegundua. Nikiweka chambo cha muhogo nanasa. Cha viazi hakifai." Nikamuuliza amenasa wangapi. "Watatu!" akajibu kwa fahari.

Nilicheka mpaka akanikasirikia. Ilibidi niombe radhi, kisha nikachukua fimbo nikamchorea mistari kwenye udongo: mashimo kumi ya muhogo, mashimo kumi ya viazi, yapishane, wiki mbili. Akaniangalia, akasema, "Kumbe kama wale wa mahindi wa Kitale."

Naam, kama wale wale. Watafiti wa mahindi wa Kitale, waliotupa mbegu chotara ya H611 mwaka 1964, hawakupanda mstari mmoja wakatangaza mshindi. Walipanda vipande vingi, wakarudia msimu baada ya msimu, kando yake mbegu ya zamani ya kulinganishia. Mkulima wa Trans Nzoia anayepata magunia yake leo anakula matunda ya subira ile.

Rafiki yangu bado hajanijibu vizuri. Aliniandikia tu kwamba amepiga ishirini kwa kila baruti, na kwamba mshindi wake amepotea: zote mbili ziko sawa. Amechagua ile inayomiminika vizuri kwenye kipimo, ndani ya jedwali la mtengenezaji. Nadhani amechagua vema.

Khocha naye yuko siku ya sita. Muhogo wanne, viazi watano. Nimemkatalia kutangaza matokeo.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Kwaherini.