Sweta na Kazi Yake

Wako wasomi wanaoona kwamba neno "sweta" ni Kiingereza kilichoharibika, na kwamba mwanafunzi anayelitumia hana budi kusahihishwa. Wanaofikiri hivyo hawajalichunguza neno lenyewe.

Kwa Kiingereza shina la neno hilo ni jasho. Katika karne ya 19 wanamichezo wa Uingereza walivaa nguo nzito za sufu kwa makusudi, ili watokwe jasho na kupunguza uzito. Kazi hiyo imesahauliwa, jina likabaki. Leo Waingereza wengi huiita nguo hiyo "jumper", na Afrika Kusini huitwa "jersey". Ikiwa wenye lugha yao hawana jina moja, Mswahili aone haya kwa lipi?

Maana ya neno hutolewa na watumiaji. Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Huko Mgeta, penye kabichi na karoti, mkulima anayekwenda shambani alfajiri huvaa sweta kuzuia baridi. Kwake neno hilo halina habari ya jasho hata kidogo.

Basi kosa haliko katika neno. Kosa ni kuichukua nguo bila kuuliza kazi yake. Shule ya mlimani ikiagiza sweta, inamkinga mtoto na baridi. Shule ya bondeni ikiagiza sweta hiyo hiyo kwa sababu tu imo katika orodha ya sare tangu zamani, mtoto hukaa darasani akilowa, na neno hurudi kwenye maana yake ya kwanza.

Jambo hili si dogo. Kuanzia Januari 2016 serikali ilifuta ada katika shule zake hadi kidato cha nne, lakini sare zilibaki juu ya mzazi. Fedha ya sweta isiyo na kazi ingeweza kununua madaftari.

Ni wajibu wa walimu wakuu na kamati za shule kuzipitia orodha hizo na kuipima kila nguo kwa hali ya hewa ya mahali pao. Neno "sweta" limekuwa la Waswahili kwa sababu walilipa kazi. Nguo nayo ipimwe kwa kipimo hicho hicho.